Mpira wa Saba

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika reli wala taruma. Niliajiriwa kibarua wa njia, Kigoma, Uhuru ukiwa bado mchanga, na asubuhi ile nilitembea kutoka Kasingirima nikiwa na kaptula mpya na kiburi cha kijana aliyepata kazi ya reli. Nyapara alituorodhesha, akatukagua viganja. Kisha akaja Inspekta wa Njia, ambaye reli yote kutoka Kigoma mpaka Uvinza ilikuwa dhamana yake, akauliza nani kati yetu anajua kupigilia msumari bila kuupinda. Nikanyoosha mkono. Baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi Ujiji, misumari nimekua nayo. Nilidhani napelekwa kwenye daraja. Nikapelekwa uwanjani kutandika mkeka wa kriketi.

Kwa faida ya ambao hawajauona mchezo wenyewe, niseme kidogo. Kriketi ni watu kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Mrushaji anautupa mpira mgumu wa ngozi kuelekea vijiti vitatu vilivyosimamishwa, ndiyo wiketi. Mpigaji anavilinda kwa gongo la mbao, na akiupiga mpira mbali anakimbia kupata alama, sisi tuliita mikimbio. Mipira sita ni ova moja, kisha mrushaji mwingine anaanza kutoka upande wa pili. Mwamuzi anasimama nyuma ya wiketi ya mrushaji, kavaa koti jeupe, anahesabu mipira na kusema nani katoka. Ukishika hayo, mengine utayapata njiani.

Sasa mkeka. Uwanja wetu ulikuwa kati ya karakana na ziwa, na majani yake yalikuwa ya kuchungia mbuzi, si ya kuchezea. Kwa hiyo katikati tulitengeneza kipande cha udongo mwekundu, tukakimwagia maji, tukakipitishia rola ya chuma iliyovutwa na watu wanne, halafu juu yake tukatandika mkeka mrefu wa makumbi ya nazi uliokuja kwa gari moshi kutoka pwani. Pembeni unapigilia misumari mirefu, kila hatua mmoja, mpaka mkeka ukaze. Ukilegea mahali, mpira ukidunda hapo hujui utakwenda kifuani au kwenye vidole vya miguu.

"Mkeka huu ukilegea, mtu atang'oka meno," Inspekta aliniambia siku ile akiwa amenisimamia. "Meno yangu hayamo hatarini, mimi ni mrushaji. Lakini kaza."

Alikuwa Kalasinga, kazaliwa Uvinza, na Kiswahili chake kilikuwa kama changu, labda kizuri zaidi. Alikuwa kapteni wa timu ya Kigoma. Jumatatu mpaka Ijumaa alitufokea juu ya mataruma yaliyooza, na Jumamosi mchana alivaa nyeupe tupu mpaka kilemba. Sikuwahi kumwona akiukagua msumari niliokwisha kuupigilia. Kwa mkubwa wa enzi zile hiyo ilikuwa heshima kubwa, nami niliijua.

Nilitandika mkeka miaka mitano. Ukikaa mahali miaka mitano ukitazama, unajifunza hata usipotaka. Aliyenigundua ni Stesheni Masta, Mgoa mpole aliyekuwa mwamuzi mkuu wa klabu. Siku moja mrushaji aliuliza kama mpigaji katoka, Stesheni Masta akakataa, nami pembeni nikatikisa kichwa bila kujua ninaonekana. Baada ya mchezo akaniita. Nikajua nimekwisha.

"Ulitikisa kichwa. Kwa nini?"

"Samahani, Bwana."

"Sikuulizi samahani. Nauliza kwa nini."

Nikamwambia mpira ulidunda kwenye msumari wa nne kutoka mwisho, na mpira wowote unaodunda pale unapinda kuelekea vijiti, maana udongo wa chini una mwinamo. Asingeukinga kwa mguu, ungevigonga, na mpigaji akikinga vijiti kwa mguu badala ya gongo, katoka. Akaenda kuukagua udongo kwa kiganja, akarudi. "Basi nilikosea," akasema. Mkubwa wa stesheni nzima, kwa kibarua wa njia. Kuanzia wiki ile akawa ananifundisha kila jioni baada ya gari la Dar es Salaam kuondoka, kwenye baraza ya klabu, na kitabu cha sheria mezani.

Alinifundisha kwamba mwamuzi hatafuti kuonekana. Alinifundisha kutazama miguu ya mrushaji kwanza, kisha mikono, mpira mwisho. Na kuhesabu. Mwamuzi anaweka vitu sita mfuko wa kulia, na kila mpira ukirushwa anahamisha kimoja kwenda mfuko wa kushoto. Nilianza na kokoto za reli. Nyapara wetu, Muha wa Kalinzi, akanicheka: "Yewe, hizo zitakutoboa mifuko." Akaniletea buni sita kavu kutoka shambani kwake. Nilizitumia kazi yote.

Hapa niseme la moyoni. Mjukuu wangu Mwajuma, ambaye ni muuguzi, alinifungia king'amuzi ili nisikae bure. Sasa natazama kriketi ya dunia nzima nikiwa kitini, na mara nyingi nagombana na televisheni. Zamani mrushaji akitaka kujua kama mpigaji katoka alimwuliza mwamuzi mara moja, "Hauzati?", yaani vipi huyo, akasubiri jibu. Leo wote kumi na mmoja wanapiga kelele, na mrushaji anakimbia kushangilia hata hajamgeukia mwamuzi. Wamefupisha mchezo ili uishe mapema, halafu wanaucheza polepole: huyu anabadilisha glovu, yule anakunywa maji, wale wanafanya kikao. Magongo yamenenepa hadi mpira uliokosewa unavuka uwanja. Na muziki juu yake. Ukiwa mzee unajiuliza mchezo uko wapi.

Tena zamani kulikuwa na desturi moja niliyoipenda kuliko zote. Mpigaji akijua mwenyewe kwamba mpira umegusa gongo lake na ukadakwa, hakumsubiri mwamuzi. Aliondoka. Nimeona watu wakijiondoa kwa mguso ambao mimi sikuusikia, na ningeapa hawajagusa. Siku hizi mpigaji anasimama palepale na uso wa mtoto mchanga mpaka mashine ya kurudia picha imuumbue.

Sisemi kila kitu kimeharibika. Udakaji wa siku hizi unanifanya nisimame kitini na magoti haya. Na wasichana wetu wanacheza kriketi, na wanacheza vizuri. Sisi hilo hatukulifikiria hata siku moja, na lilikuwa kosa letu.

Turudi Kigoma. Stesheni Masta alipoona nimeiva akapendekeza nivae koti la mwamuzi. Kamati ya klabu iligawanyika. Katibu wa Klabu, karani wa bandari, mtu nadhifu sana, alisimama akasema maneno ambayo nilikuja kuyajua kwa sababu hakuyaficha: "Hajacheza hata ova moja maishani mwake. Anajua misumari. Ataamua nini?" Simlaumu, alikuwa akisema kweli. Mwishowe wakakubaliana nijaribiwe msimu mmoja, na mtihani wenyewe uwe mechi ya Tabora. Nikiiharibu, narudi kwenye misumari. Kijana wa Kasingirima kuvaa koti lile jeupe mbele ya watu wa reli wote lilikuwa jambo ambalo mama yangu alikuwa amekwisha kulitangaza sokoni Ujiji. Nililitaka koti lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Mechi ya Tabora ilikuwa moja kwa mwaka. Walikuja kwa gari moshi, wakalala kwenye nyumba za wafanyakazi, na kila mara wakauliza kwanza habari ya migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwa letu. Desturi ilikuwa kila timu kuleta mwamuzi wake mmoja. Stesheni Masta alishikwa na malaria, akaketi barazani na blanketi, akitetemeka, akakataa kurudi nyumbani. Nikasimama mimi kwa Kigoma.

Sisi tulipata mikimbio mia moja arobaini na mitatu. Tabora wakaanza kuifukuza, na kufikia saa kumi na moja jioni walikuwa na mia moja thelathini na saba, wamebaki na jozi ya mwisho, yaani mmoja akitoka, wamekwisha. Mmoja wa hao wawili alikuwa dereva wao wa gari moshi, mtu mfupi wa makamo mwenye mvi, aliyecheza kana kwamba yuko nyumbani kwake. Inspekta akauchukua mpira arushe ova yake kutoka upande wangu. Watu wakaacha chai.

Mpira wa kwanza dereva akauzuia. Wa pili akauacha upite. Wa tatu akaupiga, ukavuka mpaka wa uwanja, ukapotelea chini ya mabehewa ya mizigo. Mikimbio minne. Sasa walikuwa na mia moja arobaini na mmoja, wanataka mitatu tu washinde. Lakini mpira wa maana ulikuwa huo mmoja tu, na ikabidi watu waingie chini ya mabehewa kuutafuta. Ukachukua muda. Nikiwa nimesimama pale nikaona ukingo wa mkeka umeinuka, msumari umetoka. Miaka mitano ya mazoea, ndugu zangu. Mwamuzi hapaswi kupiga magoti, kuna mtu wa kazi hiyo. Mimi nilikwenda mwenyewe, nikachukua nyundo, nikaupigilia msumari mpya, nikaukaza mkeka, nikafurahi na kazi yangu. Mpira ukapatikana, tukaendelea.

Wa nne, akauzuia. Wa tano, akauzuia. Wa sita, akauzuia. Mwamuzi wa Tabora, aliyesimama pembeni, akaanza kutembea kuja kwenye wiketi, kama inavyofanywa ova ikiisha. Nikapapasa mfuko wa kulia, nikakuta buni moja. Nikamwinulia kidole. "Bado mmoja, Bwana." Akanitazama kidogo, akarudi mahali pake. Mwamuzi habishani na mwenzake mbele ya watu.

Inspekta akaja. Mpira ule ulitoka mkononi mwake polepole, ukaning'inia hewani, ukadunda mbali na dereva, kisha ukageuka ghafla ukapita kati ya gongo na mguu. Vijiti vikalala. Kigoma tumeshinda kwa mikimbio miwili. Kofia zikapaa, wachezaji wakakumbatiana, hata Katibu nilimwona akipiga makofi juu ya kichwa. Watu wakaanza kwenda barazani.

Mimi nikabaki kung'oa vijiti, mazoea tena. Ndipo nikauona ule msumari mpya niliopigilia, kichwa chake kinang'aa peke yake katikati ya misumari yenye kutu. Nikasimama hapo nikaisema ova nzima kwa sauti ndogo. Alizuia. Aliacha. Minne. Nilipigilia msumari. Alizuia, alizuia, alizuia. Vijiti. Nikahesabu kwa vidole. Baada ya ule mpira wa minne mkono wangu ulikwenda kwenye nyundo, haukwenda mfukoni. Buni haikuhama. Mpira uliomtoa dereva ulikuwa wa saba.

Niliogopa, nisiwafiche. Nilisimama nikiangalia ziwa nikajiambia kwamba hakuna ajuaye. Nikafikiria koti. Nikamfikiria mama sokoni. Sijui nilisimama muda gani. Kisha nikaenda kwa Inspekta, aliyekuwa ndiyo kwanza anapandisha ngazi za baraza.

"Bwana Inspekta, mpira ule ulikuwa wa saba. Nilikosea kuhesabu."

Alikuwa mkubwa wangu wa kazi, na Jumatatu angekuwa mkubwa wangu tena. "Nani mwingine anajua?"

"Mwamuzi wao anashuku. Mwenye uhakika ni mimi."

Akapangusa ndevu kwa leso. Kisha akaingia barazani, akaenda moja kwa moja kwa dereva wa Tabora, aliyekuwa anafungua vikinga miguu, akasema mbele ya wote: "Kaka, rudi uwanjani. Hujatoka. Mwamuzi wetu anasema ulikuwa mpira wa saba."

Katibu ndiye aliyeanza. "Haiwezekani. Sheria inasema ova ni ile aliyoihesabu mwamuzi, hata akikosea. Someni kitabu."

Kutoka kwenye blanketi Stesheni Masta akajibu, meno yakigongana kwa homa. "Katibu amesema kweli. Sheria ndiyo hiyo. Na kapteni ana ruhusa ya kumrudisha mpigaji. Nayo imo kitabuni."

Wote tukamgeukia dereva. Aliendelea kufungua mikanda yake, hana haraka. "Nilijua ni wa saba," akasema. "Mimi nahesabu kila mpira tangu nianze kucheza. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuupiga. Ningeupiga ukavuka, ningewaambia kwamba hauhesabiki? Nisingesema neno." Akaweka vikinga miguu chini. "Nimetoka. Jamani, migebuka iko wapi?"

Nawaambia vijana, nilikwenda nyuma ya klabu nikalia. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, na nililia.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa. Katibu hakuwa mkali. Alisema tu kwamba makubaliano ni makubaliano, niliambiwa nikiharibu narudi kwenye misumari, na nimeharibu. Stesheni Masta hakuweza kupinga hilo, wala mimi. Nikalikunja koti mwenyewe, nikaliweka mezani. Mwaka mzima nikawa natandika mkeka, na uwanjani akasimama karani mwingine aliyecheza zamani.

Mwaka ukageuka, Tabora wakaja. Asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa mkeka, misumari mdomoni, nilipoona viatu vyeupe vimesimama mbele yangu. Alikuwa kapteni wao, na Katibu wetu kando yake.

"Tumekuja bila mwamuzi," kapteni wa Tabora alikuwa anasema.

"Kwa nini?" Katibu akauliza. "Desturi ni kila timu mmoja."

"Wachezaji walisema haina haja. Kigoma mna yule wa mpira wa saba. Yeye atatutosha."

Katibu alinitazama pale chini, nami nikatoa misumari mdomoni. Akageuka, akaondoka. Nikadhani amekasirika. Aliporudi alikuwa amebeba koti, na lilikuwa limepigwa pasi. Nilisimamia mechi za Kigoma kuanzia siku hiyo, na aliyelitunza koti langu miaka yote ni yeye.

Baadaye mambo yalibadilika. Ikaja miaka ya Azimio na Ujamaa, wengine wakahamishiwa vituo vingine, familia nyingi za Kihindi zikafunga virago. Mipira ikaadimika, tukaipeleka kwa fundi viatu Ujiji ishonwe upya. Mafuta ya kulainishia magongo hayakuja tena, tukapaka mawese, na magongo yetu yakawa ya rangi ya machungwa hata Tabora wakatucheka. Tukabaki saba kwa saba, kisha uwanja ukahitajika kwa mambo mengine. Nilihamia Uvinza nikiwa nyapara, nikarudi, nikastaafu nikiwa msaidizi wa Inspekta. Sina manung'uniko na kazi ile. Nilifundishwa na watu waliokuwa wakubwa kweli.

Juzi Mwajuma alikaa nami tukitazama mechi. Mwamuzi akainua kidole, mpigaji akakata rufaa kwenye mashine, mashine ikaonyesha mwamuzi kakosea, akaufuta uamuzi wake, mchezo ukaendelea. Mwajuma akacheka. "Babu, si afadhali hivi? Enzi zako mlikuwa mnakosea tu."

Nilimwambia ni kweli, mashine inahesabu na kuona kuliko mimi. Kelele nitazivumilia, na magongo yale manene nitayazoea. Kinachoniudhi ni kwamba mwamuzi yule hakuulizwa. Hakupewa nafasi ya kutembea hatua zile mpaka kwenye ngazi akiwa anaogopa. Kapteni naye hakuulizwa, wala mpigaji. Mashine ilijibu kwa niaba ya wote watatu, na hakuna hata mmoja wao tuliyemjua ni mtu gani.

Mwajuma akaniuliza kama Inspekta hakunichukia. Nikamweleza siku Inspekta alipoondoka Kigoma kwenda kuishi kwa binti yake ng'ambo. Nilimsindikiza stesheni na kumbebea sanduku. Alikuwa amezeeka, vidole vyake havikunyooka vizuri. Akasimama mlangoni mwa behewa.

"Ramadhani, nimerusha mipira tangu nikiwa shule. Unajua upi ulikuwa mzuri kuliko yote?"

Nilijua. "Ule wa saba, Bwana Inspekta."

"Ule wa saba," akasema. "Sikuupata tena mwingine kama ule. Nikiwa usingizini huwa nauona unavyogeuka." Akanishika bega. "Na mrushaji naye huhesabu. Ungekaa kimya siku ile, Ramadhani, nisingeweza hata kuuota."